Masurufu Bila Jiko Katika Milima ya Sierra Nevada

Kusafiri milimani bila jiko si kula vibichi. Mtembezi anayelala hemani wiki nzima pasipo kuwasha moto hula, karibu kila mlo, chakula kilichokwisha kupikwa: kimepitishwa kwenye mvuke kiwandani, kimekaangwa, kimechomwa au kimeanikwa juani muda mrefu kabla hakijaingia kwenye shanta. Kazi inayobaki kwake ni kukirudishia maji, kukitia chumvi na mafuta, kisha kusubiri. Anayelielewa hilo hujua nini cha kununua na nini cha kuacha dukani. Asiyelielewa hulala njaa, au huharisha akiwa mwendo wa siku mbili kutoka barabara iliyo karibu.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Njia ya Pacific Crest, magharibi mwa Marekani. Ina urefu wa kilomita zipatazo 4,265. Inaanzia Campo, mpakani na Meksiko, inapita California, Oregon na Washington, na kuishia mpaka wa Kanada. Ilitambuliwa kisheria mwaka 1968, pamoja na Njia ya Appalachian iliyo upande wa mashariki wa nchi. Wanaoitembea yote kwa msimu mmoja huchukua kwa kawaida miezi minne hadi sita, wakishuka mjini kila baada ya siku chache kununua masurufu mapya. Jangwa, theluji, misitu mikavu na mvua za kaskazini vyote vimo, kwa hiyo chakula baridi hupimwa humo kwa kila hali ya hewa.

Sababu inayotajwa kwanza ya kuacha jiko ni uzito. Jiko dogo la gesi, sufuria nyepesi, mtungi mdogo uliojaa na kiberiti hufikia gramu 400 hivi. Kwa mtu anayepanda na kushuka kutwa nzima, gramu hizo zina maana, lakini kwa maoni ya mwandishi wa makala haya hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Mwenye jiko hubeba vyakula vikavu kabisa. Asiye na jiko mara nyingi huishia kubeba samaki wa pakiti, chapati na jibini, vitu ambavyo bado vina maji ndani yake, na nafuu yote ikapotea humo.

Sababu yenye nguvu ni moto wenyewe. California huungua kila kiangazi, na sheria zake ni kali. Katika misitu ya taifa, hata jiko la gesi huhitaji kibali, ingawa hutolewa bure. Ukame ukizidi, majiko ya spiriti ndiyo huwa ya kwanza kupigwa marufuku, kwa kuwa hayana vali ya kuzima na yakipinduka moto humwagika pamoja na mafuta. Kuni nazo haziruhusiwi kwenye nyanda za juu: katika hifadhi ya Yosemite ni marufuku kuwasha moto wa kuni juu ya mita 2,900 hivi, kwa sababu miti ya huko hukua polepole mno na matawi yaliyooza ndiyo mbolea ya ule udongo mwembamba. Mnamo Septemba 2020 misitu yote 18 ya taifa katika jimbo hilo ilifungwa kwa muda kwa hofu ya moto. Mtu aliyejizoeza kula bila jiko hazuiwi na marufuku za majiko na kuni, na la muhimu zaidi, hawezi kuwa yeye aliyeuchoma msitu kwa uji wake wa asubuhi.

Ipo na sababu ya tatu, ya upatikanaji. Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndani ya ndege wala katika vifurushi vya posta vinavyopelekwa kwa anga, na vijiji vingi vilivyo kando ya njia havina duka la vifaa vya milimani. Karanga, chapati na tambi, kwa upande mwingine, zipo hata kwenye kiduka cha kituo cha mafuta.

Desturi hii ya kula bila jiko ni ya zamani kuliko vifaa vya kisasa. Kabla wazungu hawajafika Sierra Nevada, Wapaiute wa Ziwa Mono walikusanya buu wa inzi wa ziwa hilo la magadi mwishoni mwa kiangazi, wakawaanika juani, wakawapukuchua maganda na kuwahifadhi. Chakula hicho, kiitwacho kutsavi, kina mafuta na protini nyingi, na kilivushwa milima kwa miguu hadi kwa Wamiwok wa upande wa magharibi, kikabadilishwa kwa kokwa za mialoni. Wakazi wa Ziwa Nyasa, wanaokusanya wadudu waitwao kungu na kuwafinyanga kuwa mikate, hawatashangazwa na hilo. Kusini zaidi, kaskazini mwa Meksiko, Wararámuri, mashuhuri kwa mbio za masafa marefu, hutumia pinole: mahindi yaliyokaangwa, yakasagwa, kisha yakakorogwa na maji baridi.

Katika enzi mpya anayetajwa zaidi ni Emma Gatewood wa Ohio, mama wa watoto 11. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alianza kuitembea Njia ya Appalachian mwezi Mei, akafika kilele cha Katahdin, Maine, tarehe 25 Septemba, akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa msimu mmoja. Hakubeba jiko wala hema. Alining'iniza begani mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, ndani yake mna soseji ndogo za kopo, zabibu kavu, karanga, maziwa ya unga na vidonge vya supu. Mengine aliyachuma porini au alikaribishwa nyumbani kwa watu. Orodha yake ya vyakula ingali inafaa leo, na inastahili kusomwa na kila anayeambiwa kwamba safari ya milimani haiwezekani pasipo vifaa vya bei kubwa.

Ili kuchagua masurufu, ni lazima kujua moto hufanya nini ndani ya punje. Wanga wa nafaka mbichi umefungwa katika chembe ngumu ambazo maji baridi hayawezi kuzifungua. Punje ikipashwa joto pamoja na maji, kwenye nyuzi 60 hadi 80 hivi, chembe hizo huvimba na kupasuka, na hapo ndipo chakula huiva. Chakula kikishaiva kisha kikakaushwa, mlango huo hubaki wazi: maji ya baridi huingia tena, ila kwa kujivuta. Ndiyo maana mchele wa kawaida ukilowekwa usiku kucha hubaki mchele, ambapo kuskusi hulainika ndani ya nusu saa. Kuskusi ni semolina ya ngano iliyokwisha kupitishwa kwenye mvuke na kukaushwa. Viazi vya unga vimechemshwa, vikapondwa na kukaushwa kwenye mapipa ya moto. Hivi huwa tayari mara tu vinapoguswa na maji. Oti zilizosagwa bapa zimepitia mvuke kabla ya kubanwa. Tambi za haraka, alizozibuni Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958, hupikwa kwa mvuke kisha hukaangwa kwenye mafuta. Mafuta huwa yameyafukuza maji na kuacha vitundu vidogo vidogo, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoyapokea maji baridi katika dakika 30 au 40. Maharage nayo yapo yaliyochemshwa, yakapondwa na kukaushwa. Huwa rojo zuri baada ya nusu saa.

Kinachohitajika kwa kazi hii ni chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza. Wengi hutumia kopo tupu la siagi ya karanga au la aiskrimu lenye ujazo wa nusu lita, pamoja na kijiko kirefu. Hakuna kingine.

Kilomita 1,100 za mwanzo, kutoka Campo, ni za ukame. Chemchemi huachana kilomita 20 au 30, na jua la Mei huyeyusha chokoleti ndani ya mfuko. Hapo mlo wa mchana hukunjwa ndani ya tortila, zile chapati za Kimeksiko za ngano au mahindi. Tortila hazivunjiki, hazichachi upesi kama mkate, na hulala bapa ndani ya shanta bila kula nafasi. Hupakwa siagi ya karanga, au hutiwa jibini gumu na vipande vya nyama iliyokaushwa. Jibini gumu hustahimili joto siku kadhaa. Hutoa mafuta juu na kuonekana limeharibika, lakini bado hulika. Kuloweka chakula jangwani kuna faida moja ambayo wapikaji hawana: hakuna tone la maji linalopotea kwa mvuke. Maji yote yanayotiwa chupani huishia tumboni.

Katika kipande hichohicho njia inashuka kwenye bonde la San Gorgonio, na mashariki yake kidogo liko bonde la Coachella, kitovu cha kilimo cha tende nchini Marekani. Mwaka 1927, ugonjwa wa kuvu ulipokuwa ukiiangamiza mitende ya Moroko, mtaalamu wa mimea Walter Swingle alichukua machipukizi 11 ya mtende wa Medjool kutoka oasis ya Boudenib na kuyavusha bahari. Yalitengwa kwanza Nevada ili kuhakikisha hayana maradhi, kisha uzao wake ukapandwa California, na tende nyingi za Medjool zinazouzwa Marekani leo zinatokana nao. Msomaji wa Lamu au Unguja, aliyezizoea tende za futari na kusikia habari za majahazi yaliyozileta kwa kaskazi kutoka Oman na Basra, atajikuta nyumbani katika maduka ya Indio, mji wa bonde hilo. Tende ina kilokalori zipatazo 280 kwa gramu 100, nusu tu ya karanga, kwa hiyo haistahili kujaza shanta nzima. Lakini sukari yake hufika miguuni upesi. Punje mbili chini ya mlima na konzi ya lozi juu yake humpandisha mtu kuliko peremende yoyote ya wanamichezo.

Mambo hubadilika Kennedy Meadows, kituo kidogo chenye duka kilicho kwenye lango la Sierra Nevada. Kutoka hapo hadi kipito cha Kearsarge, ambako watembezi wengi hushuka kwenda mji wa Independence au Bishop, ni zaidi ya kilomita 140 zisizokatwa na barabara, na wengi hubeba chakula cha siku sita hadi nane. Tena huko kuna dubu. Katika sehemu kubwa ya milima hii ni lazima chakula chote, na hata dawa ya meno, vilale ndani ya kopo kubwa la plastiki ngumu ambalo dubu hawezi kulifungua. La kawaida lina ujazo wa lita 11.5 na uzito wa kilo 1.2 likiwa tupu. Tangu hapo swali haliwi tena uzito peke yake, bali nafasi, na kila kifungashio chenye hewa hupasuliwa na chakula kumiminwa kwenye mifuko laini. Tambi huvunjwavunjwa. Barazani pa duka huonekana watu wamepiga magoti, wakishindilia mifuko ya kuskusi kwa ngumi.

Siku moja ya chakula cha namna hii inaweza kuhesabiwa hivi. Asubuhi, gramu 100 za oti zilizolowekwa usiku, na ndani yake gramu 30 za maziwa ya unga na nyingine 30 za zabibu kavu. Mchana, ukila kidogo kidogo njiani, tortila mbili zenye gramu 60 za siagi ya karanga, gramu 100 za korosho au lozi, gramu 100 za tende na 50 za chokoleti. Jioni, gramu 120 za kuskusi, pakiti ya jodari, gramu 50 za jibini na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya zeituni. Jumla yake ni kilokalori 3,450 hivi, kwa uzito usiofika gramu 900. Mwili wa mtu anayepanda vipito vya milima siku nzima unaweza kutaka 4,000 na zaidi, kwa hiyo karibu kila mtu hukonda. Njia rahisi ya kupunguza pengo hilo ni mafuta: gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga au protini 4. Chupa ndogo ya mafuta ya zeituni ndiyo kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote ndani ya kopo la dubu, na ni jambo la kusikitisha kuona watu wakiiacha dukani na kubeba biskuti.

Kuloweka kwenyewe kuna adabu yake. Jioni moja kando ya kijito cha Tyndall, kwenye mita zipatazo 3,300, mwandishi wa makala haya alimtazama mwanamke mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa utulivu wa mtu aliyeizoea. Alimimina kuskusi hadi kati ya chupa, akabomoa kidonge cha supu kwa vidole hadi kikawa unga, akatia karoti na mbaazi zilizokaushwa. Maji aliyachuja kwanza, akayamimina hadi yakazidi nafaka kwa kimo cha vidole viwili, akakaza kifuniko na kuitikisa. Kijito kile ni theluji iliyoyeyuka, na maji ya baridi kali huchelewa kupenya. Kwa hiyo aliitia chupa ndani ya koti, juu ya tumbo, akaenda kusimamisha hema. Aliporudi, karoti zilikuwa zimepata rangi na kuskusi imepanda hadi shingoni mwa chupa. Mafuta aliyatia mwisho kabisa, na hapo ndipo wengi wanapokosea: yakitangulia, huivika kila punje ngozi isiyopitisha maji. Kisha jodari, kisha chumvi kidogo, akala kwa kijiko kutoka chupani. Alimalizia kwa kutia maji yaliyochujwa, kutikisa na kuyanywa, na chombo kikawa kimeoshwa bila tone kumwagika penye harufu ya kumwita dubu.

Hatari za chakula baridi si nyingi, lakini si za kupuuzwa. Kubwa ni maharage mabichi, hasa mekundu, yenye sumu asilia inayoharibika kwa kuchemka sana walau dakika 10. Kuyaloweka tu hakuiondoi, na kuyapasha vuguvugu ni kujitafutia matapishi. Unga wa ngano au wa mahindi usiopikwa nao haufai kukorogwa na maji na kunywewa, kwa kuwa unaweza kubeba vijidudu vya Salmonella na E. coli kutoka shambani. Pinole ni salama kwa sababu mahindi yake yamekaangwa. Chakula kikishalowa huwa sawa na kiporo. Oti zinaweza kulala chupani usiku wa Sierra, ambako nje ni baridi kama ndani ya friji, lakini zilezile zikiachwa saa kadhaa kwenye joto la jangwani ni za kumwaga. Maji ni jambo la pekee: asiye na jiko hana njia ya kuyachemsha. Chujio likiganda usiku, vijinyuzi vyake hupasuka bila dalili ya nje, na vijidudu vya Giardia hupita. Hivyo chujio hulazwa ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe, na vidonge vya klorini huwekwa akiba.

Kuhusu baridi, watu husema mengi. Nusu lita ya chai ya nyuzi 60 huuongezea mwili joto la kilokalori 11 au 12 tu. Tende mbili kubwa zina zaidi ya mara kumi ya hizo. Kinachompasha mtu usiku kucha ni mafuta na wanga aliokula kabla ya kulala, uwe ulikuwa wa moto au la. Lakini hesabu hiyo haigusi mikono iliyokufa ganzi iliyoshika kikombe, wala moyo wa mtu aliyelowa tangu alfajiri. Kahawa ya unga huyeyuka hata katika maji baridi, na wapo wanaoinywa hivyo, ila wapenzi wa kahawa ndio huwa wa kwanza kurudia jiko, na hakuna sababu ya kuwabishia.

Zipo pia safari ambazo jiko si anasa. Wakati wa majira ya baridi, vijito vikiganda, theluji iliyoyeyushwa ndiyo maji pekee, na bila moto mtu hukaukiwa akiwa amezungukwa na maji. Juu ya mita 4,000 hamu ya kula hupungua, na karanga hukataa kushuka. Wapishi wa Kilimanjaro wanalijua hilo vizuri: moto wa kuni umekatazwa hifadhini, kwa hiyo wagumu, yaani wapagazi, hupandisha mitungi ya gesi na sufuria hadi kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, ili mgeni apate supu ya moto kabla ya kuamka usiku wa manane kuelekea kileleni. Kumshauri mgeni wa Kilimanjaro aache jiko nyumbani kungekuwa kumtakia mabaya. Kipito cha Forester, sehemu ya juu kabisa ya Pacific Crest, kina mita 4,009, lakini mtembezi hukivuka na kushuka siku hiyohiyo hadi penye miti. Halali juu.

Upande wa kaskazini wa njia ndio unaowashinda wengi. Oregon ni kukavu wakati wa kiangazi na chakula baridi huendelea vyema, ila kufikia Septemba mvua huanza Washington. Mtu huweza kutembea siku tatu bila kuona jua, na kuskusi ya nyuzi tano huwa adhabu. Wengi wanaojua hali hiyo huacha jiko na sufuria kwa jamaa tangu mwanzo wa safari, wakaomba vitumwe kwa posta hadi Cascade Locks, mji ulio kwenye Mto Columbia, mpakani mwa majimbo hayo mawili. Mtungi wa gesi hununuliwa hukohuko.